Ndoa Baada ya Posho: Mhadhara kwa Wanandoa na Wachumba wa Lubumbashi



Tangu Desemba 2023 hakuna jambo nililoulizwa mara nyingi kuliko hili la baraka. Tarehe 18 ya mwezi ule Roma ilitoa tamko la Fiducia Supplicans, likimruhusu padri kuwabariki, nje ya ibada rasmi, watu wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Kabla ya Noeli habari ilikuwa imeshafika Katuba, Kamalondo, Ruashi na komini ya Kenya kwa njia ya simu, na ilifika imepinda: wengi walisikia kwamba Papa ameruhusu ndoa za namna hiyo, wakati tamko lenyewe lilikataa jambo hilo waziwazi. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, akatangaza kwamba baraka hizo hazifai kutolewa katika makanisa yetu. Haikupita miezi mingi ikawa zamu ya ndugu zetu Wametodisti. Mkutano Mkuu wa kanisa lao, uliofanyika Charlotte huko Marekani kati ya Aprili na Mei 2024, uliondoa katazo la kuwawekea mikono wachungaji wanaoishi katika mahusiano ya jinsia moja, ukapanua pia maelezo ya ndoa. Kabla ya Mei kwisha, Wametodisti wa Ivory Coast walikwishapiga kura ya kujitoa. Hapa Katanga, ambako Umetodisti umekuwapo tangu siku za John na Helen Springer mwanzoni mwa karne ya 20, na ambako Mulungwishi imefundisha vizazi vya wachungaji, habari hiyo iliingia katika nyumba nyingi kama msiba.

Niseme nilipo, mtu asibaki akinitafuta. Naamini kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, mpaka kifo, na kwamba tendo la ndoa lina nyumba yake, nayo ni ndoa hiyo. Niliposikia tamko la Kardinali Ambongo nilifurahi. Lakini furaha ya watu niliyoiona Jumapili iliyofuata ilinitia wasiwasi, na wasiwasi ule ndio uliozaa mhadhara huu. Watu walipiga makofi, wakasema hayo ni mambo ya Wazungu, wakaenda nyumbani. Nyumbani kwenyewe kuna nini? Kuna watu waliokaa pamoja miaka 10 bila kufunga ndoa yoyote. Kuna baba mwenye nyumba mbili. Kuna binti aliyeondolewa kwenye kwaya kwa sababu ya mimba, na kijana aliyempa mimba bado anapiga gitaa katika kwaya ileile. Hakuna tamko la Roma wala la Charlotte lililotuletea hayo. Kwa hiyo leo nataka tuulizane: ndoa ya kikristo katika nchi hii ya shaba ilisimama juu ya nini, na leo inasimama juu ya nini?

Tuanzie Bunkeya. Februari 1886 Mskoti mmoja, Frederick Stanley Arnot, aliingia katika mji mkuu wa Msiri, mtawala wa Garenganze, ambaye ukoo wake ulitoka upande wa Unyamwezi kwa biashara ya shaba na pembe. Msiri alikuwa na wake kwa mamia. Vitabu vya wamisionari vilisimulia jambo hili kana kwamba ni tamaa ya mtu mmoja, na hapo viliona nusu tu. Kila chifu aliyejisalimisha alileta mwanamke, na kila mwanamke aliyeingia Bunkeya alikuwa ahadi ya amani, njia ya ushuru, sikio la mtawala katika eneo alikotoka. Maria de Fonseca, mmoja wa wake wakubwa, alimuunganisha Msiri na wafanyabiashara wa Angola, na kwa hao baruti na bunduki zilipatikana. Basi mtu aliyefika pale akifundisha kwamba mume awe na mke mmoja alikuwa anagusa dola yenyewe. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kudhani kwamba mafundisho ya ndoa ni mambo ya chumbani. Tangu siku ya kwanza katika nchi hii yaliuliza nani anammiliki nani, na kama mwanamke anaweza kutolewa kama mali ya kufungia mapatano.

Msiri aliuawa Desemba 1891, na mamlaka nyingine zikaja. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 ukazaliwa mji huu, Elisabethville, na mwaka uleule Wabenediktini wakakabidhiwa Katanga chini ya Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye angekuwa askofu na kuiongoza kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1958. Kampuni na misheni zilikua pamoja, na kwa sehemu kubwa ya karne ile ilikuwa vigumu kwa mtu wa kambini kujua wapi moja inaishia na nyingine inaanzia.

Mwanzoni kampuni ilileta wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, hata Ruanda-Urundi. Wake walibaki vijijini. Watu waliugua, walikufa, walitoroka. Kuanzia mwaka 1928 hivi hesabu ikabadilika: mfanyakazi aliye na mke na watoto anakaa, anajifunza kazi, hatoroki, na watoto wake watakuwa wafanyakazi kesho. Hapo ndipo ikaja ile kambi ambayo wazee wetu bado wanaisimulia. Mwenye mke alipata nyumba. Posho ilipimwa kwa mke na kwa idadi ya watoto. Kulikuwa na zahanati ya uzazi, kulikuwa na shule chini ya wamisionari, kulikuwa na fuaye ambako akina mama walifundishwa kushona, kupika na kulea. Kijana asiye na mahari aliweza kukopeshwa na kampuni. Mke wa pili hakuwa na kadi, hakuwa na nyumba, hakuwa na posho. Juu ya hayo serikali ya kikoloni ikaongeza dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950, iliyokataa kutambua ndoa mpya za wake wengi kuanzia mwaka 1951.

Sitaki kuidharau kambi ile. Watoto waliokuwa wanakufa waliishi. Mama zetu walijifungua mikononi mwa wakunga waliosomea kazi yao. Walakini mafundisho ya Kristo juu ya ndoa yalitufikia yakiwa yamefungwa pamoja na kanuni za kampuni, na bei ya mfungo huo ililipwa hasa na mama. Kijijini alikuwa na shamba lake, ghala lake, ndugu zake karibu. Kambini aliandikwa chini ya namba ya mumewe. Alikula kwa kadi ya mumewe. Baba naye alipewa heshima ambayo shina lake lilikuwa ofisini: alikuwa kichwa cha nyumba kwa sababu ndiye aliyeleta gunia la unga. Wachungaji wetu wanapohubiri leo juu ya baba kuwa kichwa, wengi wetu hatumwoni Paulo akiwaandikia Waefeso, ambako mume anaagizwa ajitoe kwa ajili ya mkewe kama Kristo alivyojitoa. Tunamwona babu yetu akirudi kutoka kwenye mgao wa posho.

Ndani ya kambi hizohizo, hata hivyo, likatokea jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kufikiriwa kuhusu ndoa ya kikristo katika nchi hii, na inanisikitisha kuona vijana wa Lubumbashi hawalijui.

Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933 akafanya kazi miongoni mwa Baluba wa upande wa Kamina. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapishwa hapahapa mjini mwaka 1945. Askofu de Hemptinne hakukipenda kabisa, na Tempels alikaa Ulaya miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi. Aliporudi alipelekwa kwenye kambi za Kolwezi, na mwaka 1953, kule Musonoi, ikaanza harakati iliyoitwa Jamaa.

Watu wa Jamaa walikuwa wafanyakazi wa mgodini na wake zao. Walikutana jioni majumbani, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, na mazungumzo yao yalizunguka mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Tempels alisema kwamba hakuwaletea hayo. Aliwasikiliza mpaka akatambua kwamba ndiyo wanayoyatamani kuliko chochote, akaona Injili inayajibu. Mtu mwenye ndoa hakuingia peke yake. Aliingia na mwenzake. Waliomfundisha nao walikuwa mume na mke, na baada ya safari ndefu ya mafundisho wakawa baba na mama yake katika imani. Mume alifundishwa kufungua mawazo yake mbele ya mkewe, kumweleza anachoogopa, anachopanga, alichoota. Mke alifundishwa kufanya vivyo hivyo. Fikirieni maana ya jambo hilo mwaka 1955 kambini, kwa mwanamke ambaye kila karatasi ya ofisi ilimjua kwa namba ya mume. Jioni moja alikaa mbele ya wageni, akasema neno, likapokelewa kama fundisho.

Na uzazi. Ninyi mnajua ukali wa uzazi katika mila zetu. Mke asiyezaa anahesabiwa siku. Shangazi wanaanza kuja Jumapili mchana, kwanza kwa utani, halafu bila utani. Mume anaambiwa amtafutie nyumba ya pembeni mwanamke atakayempa mtoto. Kanisa limesema wazi kwamba utasa haubatilishi ndoa, na sheria yake inaliandika hivyo, lakini andiko la sheria halimlindi mama siku shangazi wanapokuja. Jamaa ilimlinda. Wanandoa waliowafundisha wengine walihesabiwa kuwa wamewazaa, na watu waliokosa mtoto wa damu waliweza kuwa baba na mama wa watu wengi, wakaitwa hivyo barabarani, wakaheshimiwa hivyo msibani. Mila haikutukanwa. Kiu ileile ya kuzaa ilipewa nafasi pana zaidi, na yule mama akapata mahali pa kukaa bila aibu.

Tempels aliitwa arudi Ubelgiji mwaka 1962, hakuja tena kufanya kazi huku, akafariki mwaka 1977. Jamaa iliendelea, ikaenea, ikaingia pia matatani. Baadhi ya vikundi, vilivyoitwa Katete, vilishutumiwa kwamba umoja wa kiroho kati ya watu waliofundishana ulikuwa umeshuka kuwa umoja wa mwili nje ya ndoa, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliweka masharti makali, baadhi ya watu wakaondoka. Wako wanaosema kwamba sehemu hii isimuliwe kidogo. Mimi naisimulia yote, kwa sababu inafundisha kitu. Mapendo makubwa, hata yale yaliyoanza kwa sala, yanahitaji ukuta. Amri ya kale, kwamba mwili wa mtu ni wa mwenzake mmoja, haikuwekwa na watu waliochukia mapendo. Waliiweka watu waliojua jinsi mapendo yanavyopotea njia huku yakiimba.

Tulikuwa basi na shule mbili za ndoa. Ya kwanza ilitegemea kadi ya posho. Ya pili ilitegemea watu wawili wanaosemezana mbele ya Mungu. Halafu kadi ikaondoka.

Wengi wenu mlikuwapo. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière, haikupata tena nguvu zake. Mwaka 1991 ukaja uporaji. Mwaka 1992 na 1993 ikaja aibu ambayo hatujaizungumza vya kutosha makanisani: kufukuzwa kwa Wakasai. Treni zilisubiriwa wiki nyingi katika stesheni ya Likasi, watoto walizikwa kandokando ya reli, na nyumba za watu waliofunga ndoa altareni zilipasuliwa katikati kwa sababu mume ni wa Kasai na mke ni wa Katanga, au kinyume chake. Wako wake waliopanda treni na waume zao kwenda nchi wasiyoijua. Wako waliozuiwa na kaka zao. Wale waliopanda ndio mashahidi wa ndoa ninaowastahi kuliko wahubiri wote. Mtu akiniuliza jaribu kubwa lililowahi kuipata ndoa ya kikristo katika Katanga lilikuwa lipi, namjibu kwamba lilikuwa lile, na lilitoka kwetu sisi wenyewe, watu wa kwenda kanisani.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kabla ya hapo mishahara ilikuwa imekwisha kukaa miezi mingi bila kulipwa. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika mwaka 2001 historia ya familia za wafanyakazi hawa, akawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba aliyetajwa hapo ni kampuni. Baada ya baba huyo mkubwa kuondoka, baba wadogo majumbani hawakujua wasimame wapi. Mama aliamka saa kumi alfajiri kwenda kutafuta unga, samaki wa kukaushwa, mafuta ya mawese, akauza kwa vipimo vidogo mbele ya nyumba, akalipa shule. Baba alikaa kwenye kiti barazani. Nyumba iliyokuwa imefundishwa kwamba anayeleta gunia ndiye kichwa ikajiuliza swali ambalo hakuna aliyethubutu kulisema kwa sauti.

Hapa ndipo mabadiliko yetu ya tabia yalipoanzia, na nawaomba wahubiri wenzangu mlizingatie hili kabla ya kulaumu filamu na simu. Simu zimeongeza moto, nakubali. Kijana wa miaka 14 leo anaona kwenye kioo cha mkononi mambo ambayo babu yake hakuyaona maisha yake yote, na hakuna mtu mzima anayekaa naye kumweleza. Ila moto ulikuwa umeshawaka. Ulianza pale wanaume waliposhindwa kutoa mahari, na wazazi waliposhindwa kumzuia binti asihamie kwa kijana ambaye hana kitu. Ukaitwa kwa Kilingala yaka tofanda, njoo tukae, na watu wakakaa. Ulizidi pale watu wa migodi mipya walipoingia Kolwezi, Fungurume na Likasi na fedha za ghafla, pamoja na wachimbaji wa mikono wanaoishi mbali na wake zao miezi kwa miezi, hali ileile ya wanaume peke yao iliyokuwapo kabla ya mwaka 1928. Ofisi ya pili ya baba, kama tunavyoiita mjini, imekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba kwenye misiba watoto wa upande ule wanatafutiwa viti.

Sheria ya nchi nayo imetembea. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa kila tendo la kisheria lililomfunga kutekeleza wajibu yeye mwenyewe. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa wanandoa wanatakiwa kuelewana. Umri wa kuolewa kwa msichana, uliokuwa miaka 15 mwaka 1987, sasa ni 18 sawa na wa mvulana. Nimesikia mahubiri yaliyosema kwamba mageuzi haya ni uharibifu kutoka nje. Sikubaliani nayo hata kidogo. Mkristo anayefundisha kwamba ndoa ni nadhiri ya hiari ya watu wawili lazima amshukuru Mungu binti wa miaka 15 anapobaki shuleni. Hiari ya binti huyo ni fundisho letu la kale. Kumbukeni Mwenye Heri Anuarite, mtawa wa Bafwabaka, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alimkatalia mwili wake kanali wa waasi, akafa akimsamehe. Tunamsifu kwa usafi wake, na ni haki. Tumsifu pia kwa hili: alionyesha kwamba mwanamke Mkongo anaweza kusema hapana mbele ya bunduki, na kwamba Mungu yuko upande wa hapana hiyo. Usafi wa kikristo unamlinda mwanamke kabla ya kumwekea masharti, na palipo na usafi unaomwekea mwanamke masharti huku mwanamume akiachwa huru, pale hapana mafundisho ya Kristo.

Naomba nirudi kidogo kwa kijana wa gitaa, kwa sababu hasira yangu juu yake haijaisha. Mafundisho ya kale yana mizani moja. Yesu alipoulizwa juu ya talaka, jibu lake liliwabana wanaume kiasi kwamba wanafunzi wake walisema afadhali mtu asioe. Walikuwa wamezoea mizani mbili, wakashtuka. Sisi tumezirudisha zote mbili altareni. Mwenye ofisi ya pili anatoa mchango wa paa la kanisa, anasomewa jina lake. Mama aliyehamia kwa mwanamume miaka 15 iliyopita, akamzalia watoto watano, akawafundisha wote kusali, anabaki kwenye benchi watu wanapokwenda kukomunika, kwa kuwa mume wake hakumaliza mahari. Nikipewa kuchagua wa kumwonya kwanza, sihitaji muda wa kufikiri.

Na watoto wetu wanaojikuta wanavutwa na watu wa jinsia yao, nao wako, katika familia za Katuba kama za Paris. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, inataja ndoa kuwa ni ya watu wa jinsia tofauti, nami naona ni sawa. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba mtu huyo anaitwa kuishi kwa usafi, na katekisimu ileile inaagiza apokewe kwa heshima na huruma, bila kubaguliwa isivyo haki. Nimeona familia zikitii nusu ya fundisho kwa nguvu na kuitupa nusu ya pili. Kumpiga mtoto, kumfukuza usiku, kumpeleka kwa mtu anayejiita nabii ili afungiwe na kunyimwa chakula mpaka pepo litoke, hayo hayamo katika mafundisho ya kale ya Kanisa. Mzazi Mkristo anayeamini kama ninavyoamini mimi ana kazi ngumu ya kumwambia mwanawe ukweli anaoushika na kumwandalia chakula jioni ileile. Sijui njia ya mkato katika kazi hiyo. Ninajua tu kwamba anayeacha sehemu moja kati ya hizo mbili ameacha fundisho zima.

Sasa mahari, maana hapo ndipo tunaweza kufanya kitu mwezi huu. Kanuni ya Familia inasema ndoa haifungwi bila mahari, lakini inatosha ikiwa imetolewa angalau sehemu yake, na desturi inayofuatwa ni ya upande wa bibi harusi. Wengi hawajui hiyo sehemu ya angalau. Mji wetu umechanganya watu. Kwa Wabemba na Walamba wa zamani, ambao ukoo wao unapitia kwa mama, mahari ilikuwa ndogo, na mkwe alionyesha uungwana wake kwa kulima na kujenga kwa wazazi wa mke. Leo nimeona orodha ya mahari kutoka familia za asili hiyo yenye suti, vitenge vya bei, mbuzi, televisheni na dola kwa hesabu isiyotofautiana na ya ukoo mwingine wowote mjini. Mila gani hiyo? Ni soko, na soko hilo limewafungia njia ya altare watu wengi kuliko mawazo yote yaliyotoka Ulaya. Baada ya orodha inakuja kamati ya sherehe, ukumbi, magari, nguo za aina moja kwa marafiki, wapiga picha. Kijana anayelipwa kwa siku anaangalia jumla yake, anamwambia mpenzi wake: njoo tukae.

Kanisa halidai lolote katika hayo. Linahitaji watu wawili walio huru, padri mwenye mamlaka au shemasi, na mashahidi wawili. Ndoa inaweza kufungwa Jumamosi asubuhi katika misa ya kawaida, mama akiwa na kitenge chake kizuri, watoto wake watano wakiwa benchi la mbele.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, akina baba na akina mama mliomo humu ambao mabinti zenu wanaishi na wanaume kwa sababu ya orodha isiyomalizika, mtoe jibu wiki hii juu ya kiasi gani kinatosha ili museme mmepokea. Mkiandike, mkisaini, mkipeleke komini. Pili, wale walio na miaka 20 au 30 ya ndoa wajitolee, mume na mke pamoja, kukaa na wawili wanaojiandaa, nyumbani kwao, jioni, kama walivyofanya watu wa Musonoi, na mume awe wa kwanza kuzungumza juu ya anachoogopa. Padri amekubali kubaki hapa baada ya maswali. Daftari la majina liko mezani karibu na mlango wa pembeni, lina safu mbili, moja ya wanaotaka kufunga ndoa na moja ya wanaotaka kuwasindikiza, na ningependa safu ya pili ijae kwanza.